Kutu ya shasi: kabla ya kuuliza bei ya fundi, tupige nyundo



Gari la koperative likianza kuliwa na kutu, komite inakaa, na swali la kwanza ni karibu kila mara hili: "Fundi anaomba ngapi?" Makuta yanatafutwa, fundi anabandika vipande vya chuma, rangi nyeusi inapakwa juu, gari linarudi njiani. Mavuno yanayofuata tunakaa tena mkutano kwa sababu ya tundu lile lile.

Maoni yangu ni kwamba bei ya fundi ni swali la tatu. La kwanza ni: kutu iko wapi? La pili: kazi hiyo itatupa misimu mingapi? Koperative ambayo haijajibu hayo mawili, heri isimamishe gari kwanza kuliko kulipa.

Mimi ni agronome, sitengenezi magari. Lakini kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi inabidi imenywe siku ile ile. Ikilala njiani ndani ya magunia inaanza kuchacha, na kazi ya mwaka mzima inashuka bei kwa usiku mmoja. Kwa hiyo shasi ya gari ni jambo la kilimo, kama vile mbegu na kivuli.

Kutu zote hazilingani

Kutu ya mlango, ya boneti au ya karoseri inaharibu sura ya gari. Inaweza kungoja. Shasi ni jambo lingine. Ni vile vyuma viwili virefu vinavyopita chini ya gari toka mbele mpaka nyuma, na ndivyo vinabeba injini, kabini, mzigo na watu.

Kwa Land Cruiser na Hilux, vyuma hivyo vimefungwa pande zote kama bomba la pembe nne. Matope yanaingia kwa matundu madogo, hayapati njia ya kutoka, yanakaa na maji ndani, na kutu inakula toka ndani kuja nje. Siku unapoona tundu kwa macho, ujue ndani kazi imeshafanyika miaka mingi. Kwa kamio kama Canter, chuma kiko wazi upande mmoja, unaweza kukiona vizuri. Pale kutu inajificha chini ya mbao zinazobeba karoseri, na pale vyuma viwili vimelaliana.

Hatuhitaji mashine kujua hali. Osheni chini ya gari mpaka matope yote yatoke. Chukueni nyundo ndogo, mpige shasi kila mwendo wa kiganja, pande zote mbili. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito kama mbao, na maganda yanaanguka. Pale panaposikika vibaya, sukumeni turnevisi kwa nguvu: ikiingia, chorani alama ya chaki. Angalieni sana sehemu tatu: pale resori zinashikwa, juu ya ekseli ya nyuma, na pale sanduku la usukani limefungwa. Fanyeni hayo mchana, wanamemba wakitazama. Mtu yeyote mwenye masikio anaweza kuhukumu.

Alama zikiwa mahali pamoja, mbali na sehemu hizo tatu, na chuma cha kuzunguka kinalia vizuri, gari linastahili kutengenezwa, tena haraka, kabla mvua haijaongeza tundu. Alama zikiwa kwenye resori au usukani, au zikitawanyika pande zote mbili, mimi naona tusitoe hata dola moja ya kuchomea.

Najua kuna watakaonijibu: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Ni kweli. Lakini methali hiyo inasema juu ya ufa. Haisemi juu ya ukuta ambao mchwa wameumaliza ndani.

Wengine wanasema, "Toyota haifi." Basi tuangalie Toyota yenyewe ilifanya nini. Mwaka 2008, kule Marekani, kampuni hiyo ilikubali kununua tena magari yake ya Tacoma ya miaka ya 1995 hadi 2000 ambayo shasi zake zilitobolewa na kutu. Ililipa mara moja na nusu ya thamani ya gari zima. Baadaye, kwa magari mengine, ilibadilisha shasi yote. Kama wenye kiwanda, na mainjinia wao wote, waliona shasi iliyotoboka ni ya kuondolewa njiani, sisi wenye mashine ya kuchomea inayokula umeme wa jenereta tunajivunia nini?

Hesabu ya misimu

Tuchukue mfano. Namba ni za kuonyesha njia tu, kila koperative iweke zake.

Gari linabeba tani 3. Katika miezi 4 ya mavuno linafanya safari 8 kwa mwezi, yaani safari 32. Kukodi gari la mtu ni dola 70 kwa safari: jumla 2.240. Kwa gari letu, mafuta, shofere na malipo ya njiani ni dola 40 kwa safari: jumla 1.280. Gari letu linatuokolea dola 960 kwa msimu.

Fundi anaomba dola 1.500. Kama kazi yake itashika msimu mmoja, tumepoteza dola 540. Ikishika misimu mitatu, tumepata 1.380. Fundi ni yule yule, bei ni ile ile, lakini jibu limegeuka. Ndiyo sababu nasema bei ni swali la tatu. Na hapo hatujahesabu matairi, wala siku ambazo gari litalala gereji wakati kahawa imeiva.

Tukikubali kutengeneza, tutengeneze kweli

Kazi nyingi ninazoona si matengenezo, ni kificho. Bati jembamba linawekwa juu ya kutu, kutu inaendelea kula chini yake bila mtu kuiona. Lami au rangi nzito juu ya kutu inafanya vile vile: inafungia unyevu ndani.

Kabla ya kulipa, komite imuombe fundi mambo haya kwa maandishi. Akate chuma kilichooza mpaka afike kwenye chuma kizima. Kipande kipya kiwe na unene sawa na shasi. Miisho ya kipande ikatwe kwa mshazari, isiwe wima, kwa sababu mstari wima ndio pale shasi inapasukia mara ya pili. Betri itolewe, na tanki ya mafuta na mipira ya breki visogezwe mbali na moto. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Kwa kamio, asichomee kwenye ukingo wa juu wala wa chini wa shasi: chuma hicho kimetengenezwa kwa nguvu maalum, na moto unaipunguza. Fundi anayekataa kuandika hayo, muacheni aende. Na rangi isipakwe kabla wanamemba hawajaona mshono kwa macho yao.

Watu walio juu ya magunia

Tusidanganyane: gari letu halibebi magunia peke yake. Siku ya soko, juu ya magunia kuna akina mama, watoto, vijana wenye bidoni za mafuta ya mawese. Shasi ikikatika kwenye mteremko wa Lubero, gunia linaweza kuokotwa. Yule mama aliyepanda juu hakuulizwa kama shasi imeoza, alilipa nauli akaketi.

Kwa sababu hiyo, uamuzi usiwe wa jeran na shofere wawili peke yao usiku gereji. Uende kwenye mkutano mkuu, na matokeo ya nyundo yaandikwe katika daftari, pamoja na majina ya waliokuwepo. Na mkutano ukisema gari linabeba mzigo mdogo tu mpaka litengenezwe, hiyo iwe amri, hata kama shofere anasema "gari iko bado nguvu."

Kuna jambo moja ambalo linanikwaza zaidi: kupaka rangi gari lililohukumiwa na kuliuza zima kwa koperative ya bonde la pili. Hao ni wakulima kama sisi. Uzeni injini, sanduku la gia, ekseli, matairi. Shasi ikatwe vipande mbele ya watu, ili isirudi njiani na rangi mpya.

"Lakini bila gari tutakufa"

Hilo ndilo neno zito, na sitalikwepa. Koperative isiyo na gari inarudi mikononi mwa wanunuzi wa kando ya njia, wanaokuja na mizani yao na bei yao. Wanamemba wengi waliingia koperative kukimbia hayo.

Lakini ile dola 1.500 ya fundi, isipotumiwa, iko bado sandukuni. Katika mfano wetu inalipa nyongeza ya kukodi gari kwa msimu mzima, na dola 540 zinabaki kuanza mfuko wa gari lingine. Koperative mbili za jirani zinaweza kukodi kamio moja na kupanga siku za kuchuma. Inauma, ndiyo, sababu unapangia ratiba gari la mtu mwingine. Lakini msimu mmoja wa kukodi hauui koperative. Inayokufa haraka ni ile iliyolipa fundi mara tatu, halafu ikalipa mazishi.

Kutu hii tunailisha wenyewe

Neno la mwisho ni la kazi yangu. Mbolea ya kiwandani inavuta maji ya hewa, na chumvi zilizomo zinakula chuma. Gunia la NPK likipasuka ndani ya karoseri, unga unateremka kwenye shasi na kukaa pale. Ni vile vile kwa chumvi ya Katwe, na maji ya samaki wa chumvi wanaotoka Vitshumbi. Gari limeshusha mbolea Jumatatu, Jumanne limepita kwenye matope, na hakuna aliyemwaga hata ndoo moja ya maji.

Tandikeni shitingi nzima chini ya mbolea na chumvi. Baada ya safari hiyo, osheni chini ya gari, si milango peke yake, na toeni matope kwenye matundu ya shasi kwa kijiti. Kabla ya kununua gari la zamani linaloingia kwa Kasindi, lala chini yake na nyundo kabla hujasikia injini yake: huko lilikotoka, pengine barabara zilimwagiwa chumvi miaka mingi kuyeyusha barafu. Na kwa kila safari, muhasibu atoe dola chache aziweke kando kwa jina la gari.

Msimu wa kuchuma haujaanza. Kabla haujafika, kila koperative yenye gari iazime nyundo ndogo na kipande cha chaki, ifanye kazi ya asubuhi moja, iandike ilichokisikia. Halafu ndiyo tuongee bei.