Kata mnara, acha msingi

Leo tunatoka kwenye kompyuta kidogo, twende kwenye bunduki, halafu tutarudi. Msiogope, sina bunduki na wala sitafuti. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inazitaja G3 na AK-47 kwa majina, na raia akikutwa nazo bila kibali anaweza kufungwa maisha. Hapa Magongo grainda zinalia mchana kutwa kwa ajili ya malori na trela, na ziendelee hivyo hivyo.

Kilichonivuta ni video ya fundi mmoja Mmarekani. Ana bunduki ya AR-15, ndugu ya M16 ya jeshi lao, muundo wa Eugene Stoner wa miaka ya 1950. Anataka kuivalisha kava jipya la mbele, lile linalofunika mtutu ili mkono usiungue. Kava la kiwandani ni fupi, linaishia kwenye msingi wa kilengeo cha mbele, yaani kile chuma cha pembetatu kilichosimama juu ya mtutu. Kava jipya ni refu, linapita hapo na kuendelea. Tena haligusi mtutu popote: limefungwa nyuma tu, kwenye mwili wa bunduki, ili mkono ukilikandamiza mtutu usisukumwe upande. Sasa chuma kile kiko njiani. Utafanya nini?

Mimi nikiwa nimekaa na chai yangu nikasema, ng'oa! Kumbe ningeharibu bunduki ya watu.

Msingi ule una kazi mbili. Juu unabeba kilengeo, hiyo kila mtu anaiona. Chini umefunika tundu dogo lililotobolewa kwenye mtutu. Risasi ikishapita tundu hilo, sehemu ya gesi ya baruti inapanda ndani ya msingi, inaingia kwenye mrija mwembamba na kurudi nyuma, huko inasukuma mtambo unaotupa ganda la risasi iliyopigwa na kuingiza nyingine. Ukiung'oa bila kuweka kitu mahali pake, mtambo hausukumwi tena na kila risasi utaiingiza kwa mkono. Na msidhani Stoner alikuwa mzembe kuchanganya kazi mbili. Chuma kimoja badala ya viwili, pini mbili tu, na hakuna cha kulegea. Ni busara, ila busara hiyo haikuandikwa juu ya chuma.

Yule fundi akakata mnara peke yake. Sehemu ya chini na pini zake za kiwandani hakuzigusa, kava likapita juu yake, kilengeo kipya kikakaa juu ya kava. Wapo wanaong'oa vyote na kufunga kipande kidogo cha gesi kwa skrubu. Nacho kinafanya kazi, lakini skrubu huweza kulegea kwa joto na mtikisiko, na ile pini iliyopigwa kiwandani imeshajithibitisha miaka mingi. Mimi niko upande wa mkataji.

Halafu linganisheni na G3, ile inayobebwa na askari wetu wengi. Jeshi la Ujerumani Magharibi liliichukua mwaka 1959. Msingi wake wa kilengeo nao una kazi za ziada, unashika bomba la mkono wa kukokia na pini ya kava la mbele. Lakini tundu la gesi hakuna, mtambo wake unafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ukija na ujuzi wa AR utalitafuta tundu hilo mpaka kesho. Chuma kinachofanana hakikuambii kazi yake, sharti ukifungue. (Na haya si ya Wamarekani peke yao, tangu Aprili 2021 tuna kiwanda chetu cha bunduki pale Ruiru.)

Sasa turudi kwenye kompyuta. Mwaka juzi nilikuwa natengeneza programu ya kampuni ndogo inayotoa makontena bandarini. Kulikuwa na kodi ya zamani ya kuchapa ankara, imeandikwa na mtu aliyeshaondoka, mistari kama mia nne, mibaya kupita kiasi. Mteja alitaka ankara ziende kwa baruapepe. Nikaifuta yote, nikaandika yangu safi, nikajipongeza. Siku ya tatu simu: tarehe za kutoka kontena hazionekani. Kumbe ile kodi ya kuchapa ndiyo iliyokuwa inaandika tarehe hiyo kwenye hifadhidata, na hesabu ya ada za kuchelewa ilitegemea tarehe hiyo. Makontena yaliyokwisha kuondoka yalikuwa yanaendelea kuhesabiwa siku, na wateja wa mteja wangu wakatumiwa bili za uongo. Kosa langu, la mtu mwingine hapana. Nilikesha siku mbili nikirekebisha kwa mkono, na malipo ya mwezi ule sikuyadai.

Vijana wenzangu wanapenda neno "tuandike upya". Netscape walifanya hivyo: baada ya toleo la 4 la 1997 watu walingoja hadi Novemba 2000 kupata toleo la 6, lilikuja bovu, na Internet Explorer ilikuwa imeshachukua soko. Naambiwa kodi chafu inaudhi. Kweli inaudhi! Lakini uchafu mwingine ni tundu la gesi. Isome kwanza, ujue nani anaiita na inaandika wapi, kisha kata unachokiona na uache usichokielewa.

Tena sisi tuna bahati, tunaweza kurudisha toleo la jana. Yule fundi akishapitisha grainda, mnara haurudi. Ndiyo maana kwenye video alipima mara tatu, akachora mstari kwa kalamu, akafunika mtutu kwa kitambaa kabla ya kuwasha mashine. Mimi kufuta mistari mia nne ilinichukua dakika moja.

Ile kodi niliirudisha. Imebaki mistari thelathini, haichapi chochote, inaandika tarehe tu, na juu yake nimeandika maelezo kwa Kiswahili kwamba asiifute mtu.