"Kwangu Inafanya Kazi" Si Ushahidi

Wasomaji wangu, leo nina neno na wenzangu waandishi wa programu, na sitalipaka asali. Kuna lalamiko ninalolisikia kila mara vijana wetu wanapoanza kutuma viraka kwenye kerneli ya Linux: "Nimetuma mistari miwili tu, wananiuliza maswali ishirini. Kwangu inafanya kazi, wanataka nini tena?" Wengine huongeza kwamba watunzaji wa kerneli wana kiburi.

Kiburi kipo, sikatai. Lakini kwa kiraka kinachogusa namna kerneli inavyoamsha basi la vifaa, nasema wazi: maswali ishirini ni machache.

Kwanza tuelewane. Basi ninalolisema si lile la usiku la kwenda Kisumu. Ni nyaya ambazo prosesa huzitumia kuzungumza na vifaa vingine ndani ya kompyuta: kadi ya mtandao, diski, kipima joto. Kompyuta inapowaka, kerneli haijui nani yuko nyumbani. Ni lazima ipite mlango kwa mlango ikibisha hodi. Na hapo ndipo taabu huanzia, kwa sababu si kila nyumba hupenda kubishiwa hodi kwa namna moja.

Basi la PCI lina adabu zake. Kila kifaa kina nambari ya mtengenezaji na nambari yake chenyewe. Kerneli ikisoma mahali pasipo na kifaa hupata 0xFFFF, nambari ambayo hakuna mtengenezaji aliyepewa. Inajua hakuna mtu, inasonga mbele.

Sasa tazama I2C, basi lililobuniwa na Philips mwaka 1982. Lina nyaya mbili tu, moja ya data na moja ya mapigo ya saa. Anwani zake ni za biti 7. Ukiondoa zilizotengwa unabaki na 112. Vitambulisho hakuna. Ukibisha hodi kwenye 0x50 na mtu akaitikia, umejua tu kwamba yuko mtu. Ni nani, hujui. Mbaya zaidi, hodi yenyewe yaweza kupokelewa kama amri.

Mnadhani natia chumvi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na lm_sensors, programu ya kusoma joto na kasi ya feni kwenye Linux. Laptopu nyingi za IBM ThinkPad za wakati ule zilikuwa na chipu ya Atmel AT24RF08, kumbukumbu ndogo isiyopotea umeme ukizimwa. Humo mlikuwa na taarifa ambazo laptopu inazihitaji ili iwake. Kutafuta vipima joto, programu ilipita kwenye basi ikibisha kwa njia iliyokuwa ya kawaida kabisa: tuma anwani, sema "nataka kuandika", kisha kata bila kuandika chochote. Kwa chipu nyingi hiyo ni hodi isiyo na madhara. Kwa AT24RF08 iliharibu data iliyokuwa ndani. Kuna waliozima laptopu zao na zisiwake tena. Hapakuwa na virusi wala mwizi. Mtu alitaka tu kujua prosesa yake ina joto kiasi gani.

Niambie, msomaji, "kwangu inafanya kazi" ingemsaidia nani hapo? Msimbo ulikompaili. Mashine nyingi zilifanya kazi vizuri. Swali la maana lilikuwa moja: nani mwingine anaishi kwenye anwani hizi, na atafanya nini nikimbishia hodi?

Kovu la kisa hicho limo ndani ya kerneli. Draiva ya i2c-piix4 hukagua kama mashine ni ya IBM yenye kidhibiti cha Intel. Ikiwa ndivyo, hukataa kupakiwa na kueleza kwamba yaweza kuharibu EEPROM. Nayo programu ya i2cdetect hubadilisha hodi kulingana na mlango: kwenye 0x30 hadi 0x37 na 0x50 hadi 0x5F husoma baiti moja, kwingine hutumia ile hodi ya kuandika. Kwa nini isisome kila mahali? Kwa sababu kuna chipu za kuandikiwa tu, hasa chipu za saa kwenye 0x69, ambazo ukijaribu kuzisoma zaweza kulikwamisha basi zima. Hodi iliyo salama kwa kila mlango haipo!

Sasa mtu afungue faili hiyo leo. Anaona jina la IBM, kampuni iliyouza biashara yake ya kompyuta ndogo kwa Lenovo mwaka 2005. Anajisemea, "Hizi ni takataka za zamani." Anafuta mistari michache, anajaribu kwenye laptopu yake mpya, inawaka, anatuma kiraka cha "usafi". Bila shaka inawaka! Laptopu yake haina chipu hiyo. Jaribio lake halikugusa kabisa kile alichokiondoa.

Ni vivyo hivyo kwa wanaochukia kusubiri. PCI Express inavipa vifaa milisekunde 100 baada ya kuwashwa upya kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Anakuja shujaa wa kuharakisha kuwaka, anaziondoa, kadi yake inaitikia, anashangilia. Kwenye mashine ya mwingine kadi bado ina usingizi, kerneli inasoma mabiti yote yakiwa moja na kudhani hakuna kifaa. Kadi ya mtandao imetoweka. Leo inaonekana, kesho haionekani, na mwenyewe anazunguka kwa mafundi wakimuuzia kadi mpya bure.

Kwa hiyo mkaguzi akiuliza maswali haya, usinune:

1. Kwa nini mstari huu uliwekwa hapo mwanzo? Historia ya git ipo, umeisoma?
2. Umejaribu kwenye mashine zipi, na je, ziko miongoni mwa zile ambazo mstari huu uliwekwa kuzilinda?
3. Kifaa kisipoitikia, au kikichelewa, nini hutokea?
4. Kama umesogeza draiva iamshwe mapema zaidi, kwa nini? Tangu Linux 3.4 ya mwaka 2012 draiva inaweza kurudisha EPROBE_DEFER, yaani "sijawa tayari, nirudie baadaye."

Hakuna kiburi katika maswali hayo. Anayeuliza anamsemea mtu asiyekuwepo, yule ambaye laptopu yake ndiyo ingekufa.

Wakaguzi nao nisiwaache. Kuna anayehesabu nafasi na vichupo, anaandika Reviewed-by, anaenda zake. Nafasi huhesabiwa na skripti ya checkpatch.pl, haikuhitaji wewe. Reviewed-by si salamu. Unapoiandika unasema umesoma kiufundi, mashaka yako yamejibiwa, na unaamini kiraka kinafaa. Kama umejaribu tu, andika Tested-by. Kama hukusoma, nyamaza.

Na haya yanatuhusu nini sisi hapa Kenya? Yanatuhusu sana. Nenda kwenye maduka ya katikati ya Nairobi uone laptopu zinazouzwa: nyingi zimeshatumika ng'ambo, zile tunaziita ex-UK. Aandikaye kiraka ana mashine mpya. Sisi ndio tuliobaki na zile za zamani. Linus Torvalds anashikilia kanuni kwamba kerneli mpya isiharibu kilichokuwa kikifanya kazi. Kanuni nzuri, lakini uharibifu usioripotiwa haumwamshi mtu usingizini.

Kwa hiyo badala ya kulalamika kwamba mistari yako miwili imekataliwa, chukua hiyo laptopu ya miaka kumi. Weka akiba ya data zako, kompaili toleo la majaribio, hifadhi dmesg ya kerneli ya zamani na ya mpya, linganisha, kisha ripoti ulichokiona. Huo ni mchango ambao mtu mwenye mashine mpya hawezi kuutoa hata akitaka.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, namkaribisha. Lakini aje na dmesg, na iwe ya mashine zaidi ya moja.