Nani Bora Katika Wakimbiaji wa Gusii?

Ndugu zetu wa Kisii na Nyamira wanapotuzuru, hawakawii kuzua mjadala: nani bora katika wakimbiaji wao? Vijana humtaja Yobes Ondieki, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1993, huko Oslo, alikuwa mtu wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27.

Wazee humtaja Naftali Temu, nasi tu pamoja nao. Mwaka 1968, jijini Mexico City, mbio hizo zilimchukua dakika 29 na ushei, lakini alimshinda Mamo Wolde wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kumhukumu kwa saa peke yake si insafu; jiji lile liko juu sana na hewa yake ni nyepesi.

Linalotukera ni kusahauliwa kwa Nyandika Maiyoro, aliyewatangulia wote wawili: wa saba katika mita 5,000 Melbourne 1956, wa sita Roma 1960. Wenye wazee waliomwona akikimbia na watuandikie upesi, wazee hao wangali hai.