Damu ya mwezi ipitayo kipimo

Juma hili twasema habari ambayo wababa hawapendi kuisikia, na ambayo wamama huisemezana kwa sauti ya chini. Mwanamke atokwaye na damu nyingi kila mwezi huambiwa: «Vumilia, ndiyo hali ya wanawake.» Sisi hatukubali. Damu ya mwezi ina kipimo chake.

Ikipita siku 7, au kitambaa kikilowa kabisa kwa muda wa saa moja au mbili, au yakitoka mabonge makubwa, huo ni ugonjwa, nao una dawa. Waganga huweka mpaka kwenye mililita 80 kwa mwezi. Lakini nani atapima mililita nyumbani? Afadhali mama aandike katika kijitabu siku zake na hesabu ya vitambaa. Kijitabu hicho kitamfaa mganga kuliko maelezo mengi.

Damu ikipotea hivyo, chuma kilichomo mwilini hupotea pamoja nayo. Mama hutweta akipanda kilima na ndoo ya maji, moyo humpiga mbio, kope zake kwa ndani huwa nyeupe. Majirani husema ni mvivu, ama amelogwa!

Hospitalini, mganga atauliza kwanza kama ana mimba, kisha atapima damu: hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, damu imepungua. Kwa ekografia ataweza kuona uvimbe katika mji wa uzazi. Mara nyingi si kansa. Msichana atokwaye na damu mno tangu mwezi wake wa kwanza, na pua yake pia hutoka damu mara kwa mara, apimwe kama damu yake yaganda sawasawa.

Dawa ni nyingi: vidonge vya chuma, ibuprofeni, asidi traneksamiki ya siku zile za damu tu, na mara nyingine upasuaji. Aspirini iachwe, maana huzidisha kutoka damu. Wake wengine wakristu huogopa vidonge vya homoni. Lakini Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, fungu la 15, hakukataza dawa ihitajiwayo kuponya mwili, hata ikizuia uzazi, mradi kizuizi hicho kisiwe ndiyo nia.

Ninyi wababa, bibi akilowesha kitambaa kila saa, au akizimia, msingojee siku ya soko ili mpate feza: apelekwe hospitali siku ile ile. Na mama aliyekwisha koma damu mwaka mzima, akiona tena hata tone moja, aende naye.