Kiboko hakifunzi kibofu

Huenda ukajiuliza, msomaji, daktari wa binadamu anatafuta nini katika mambo ya mbwa na hali madaktari wa mifugo wapo. Jibu ni fupi. Mambo ya mbwa yakiharibika, aghalabu huishia kwetu. Mtoto aliyeumwa mkono na mbwa wa nyumbani hapelekwi kwa daktari wa mifugo, huletwa zahanati. Na ukiuliza ni vipi mbwa mdogo kama yule alifika hatua ya kuuma, wakati mwingine utaambiwa kisa kilichoanza na jambo dogo sana, yaani mkojo juu ya zulia.

Zamani mbwa wa Nakuru alikuwa mlinzi. Alilala nje, akala makombo ya ugali, na mahali alipokojoa palikuwa shauri lake mwenyewe. Leo mji wetu, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, una nyumba nyingi za ghorofa. Wengi wanaoishi Milimani, Section 58 au Naka hawana ua, kwa hiyo wanaotaka mbwa huchagua wadogo wa kukaa ndani: Maltese, Chihuahua, Shih Tzu na Japanese Spitz. Mbwa hawa hununuliwa kwa bei kubwa, lakini mara nyingi mnunuzi haelezwi lolote kuhusu tabia za mbwa mchanga.

Basi mambo huwa hivi. Mwenye nyumba anarudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni. Mbwa mchanga anasikia ufunguo mlangoni, anakimbia, anatikisa mkia na mwili mzima, anaruka, na papo hapo mkojo unamtoka juu ya viatu vya bwana au bibi. Anapigwa kandambili, au anasuguliwa pua kwenye mkojo huo, au anafungiwa nje kwenye baridi ya usiku wa Bonde la Ufa. Kesho yake anakojoa tena, pengine zaidi ya jana. Wiki chache baadaye familia inasema mbwa huyu ni mjeuri, na mazungumzo ya kumtupa yanaanza.

Msimamo wangu ni huu: kumpiga mbwa huyo hakufai hata kidogo. Si suala la huruma peke yake. Kipigo hakitibu tatizo, bali hulizidisha, na mwishowe huhatarisha afya ya watu wa nyumba hiyo.

Kibofu cha mkojo kina misuli inayokifunga, mfano wa mkono unaobana mdomo wa mfuko. Kwa mbwa mchanga misuli hiyo bado haijakomaa, na akili yake bado haijajifunza kuitawala. Mbwa wa aina ndogo ana kibofu kidogo pia, kinachojaa upesi. Anapopandwa na furaha ya kumwona ampendaye, mwili wote husisimka na misuli ile hulegea bila yeye kujua. Hajakusudia, hana kisasi, wala hakudharau. Wengi wao huacha wenyewe wanapokaribia kutimiza mwaka mmoja.

Uko mkojo wa namna ya pili, nao ni wa hofu. Mbwa huyu haruki. Hujikunyata, hulaza masikio nyuma, huficha mkia katikati ya miguu, au hulala chali na kuonyesha tumbo, kisha akakojoa. Katika lugha ya mbwa hiyo ni namna ya kusema, "Wewe ni mkubwa, mimi ni mdogo, usiniumize." Ukimpiga aliyekojoa kwa furaha, unamfundisha kukuogopa, na ukimpiga anayekojoa kwa hofu unamwongezea hofu ile ile inayomkojoza. Kwa njia zote mbili zulia halikauki.

Ninalifahamu jambo hili vyema kwa sababu tunaliona kwa watoto wetu. Takriban watoto 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka mitano bado hukojoa kitandani, na wengi wao huacha kadiri wanavyokua. Hata hivyo wako wazazi wanaomchapa kikojozi, kumwanikia godoro mbele ya majirani, au kumpa jina la aibu. Sijaona mtoto aliyepona kwa njia hiyo. Nimeona walioogopa kulala. Nyumba inayoamini kwamba kibofu hutibiwa kwa kiboko haitachagua sana kati ya mbwa na mtoto, na mtoto anayetazama mbwa akipigwa kwa kosa lisilo lake anajifunza somo ambalo hatukukusudia kumfunza.

Najua nitajibiwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kabisa, lakini kukunja si kuvunja. Mbwa mchanga lazima afunzwe. Tunachobishania ni namna ya kumfunza.

Kwanza, punguza makeke ya mlangoni. Ukiingia, usimwite kwa sauti ya juu wala usimbebe mara moja. Vua koti, weka mfuko chini, mpuuze kwa dakika chache mpaka atulie, ndipo umsalimie kwa sauti ya chini. Waeleze watoto na wageni wafanye vivyo hivyo, kwa maana mtu mmoja anayemrusha juu huharibu kazi ya watu watano.

Pili, usimwinamie kutoka juu. Kwake wewe ni mnara. Chuchumaa ukiwa upande, usimkazie macho, na umkune chini ya kidevu badala ya kumpiga-piga utosini.

Tatu, mpeleke nje mara kwa mara: akiamka, akimaliza kula, baada ya kucheza, na kabla ya wageni kufika. Akikojoa mahali panapotakiwa, msifu papo hapo na umpe kipande kidogo cha chakula. Kama unaishi ghorofani, mwekee magazeti yaliyotandikwa au sanduku la mchanga mahali pamoja pasipobadilika. Salamu nazo, ikiwezekana, zifanyike huko nje.

Nne, usimnyime maji. Wako wanaoficha bakuli mchana kutwa wakidhani wametatua tatizo. Mbwa mdogo hupungukiwa na maji mwilini upesi, na anaweza kudhurika vibaya.

Tano, akikojoa ndani, nyamaza na usafishe. Kausha kwa kitambaa au karatasi, kisha osha kwa maji yaliyochanganywa na siki. Epuka dawa zenye amonia, kwani harufu yake hufanana na ya mkojo na humrudisha mbwa pale pale.

Iwapo mbwa anakojoa matone matone kutwa nzima, anajikaza kwa maumivu, mkojo una damu, anakunywa maji kupita kiasi, au mkojo humtoka akiwa amelala, hiyo si furaha. Huenda ana maambukizi, mawe kwenye kibofu, kisukari au kasoro ya kuzaliwa. Mwone daktari wa mifugo bila kukawia, na umweleze pia iwapo mbwa amevuka mwaka mmoja na bado anakojoa kila akikuona.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Mkojo wa mbwa mgonjwa unaweza kuwa na vijidudu vya leptospirosisi, ugonjwa unaoweza kudhuru ini na figo za binadamu. Usimwache mtoto atambae palipokojolewa kabla hujapasafisha, na kila anayepasafisha, msaidizi wa nyumbani akiwemo, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya ugonjwa huo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni meno. Mbwa anayepigwa kila siku huishi kwa hofu, na mbwa mwenye hofu akibanwa kwenye kona huuma. Mara nyingi anayemkuta kwenye kona ni mtoto, ambaye uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa. Nao mbwa aliyetupwa barabarani hujiunga na mbwa koko wanaotafuta chakula kwenye majaa na masoko, bila chanjo wala mwenyewe. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote hukipata kutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, takriban hakuna anayepona. Kenya ilianzisha mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Hatutafika huko tukiendelea kutupa mbwa kwa sababu ya mkojo.

Kwa hiyo mchanje mbwa wako dhidi ya kichaa anapofika miezi mitatu, hata kama hatoki nje ya mlango wa nyumba, na urudie chanjo kila mwaka. Mtu akiumwa, hata kama jeraha ni dogo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asipake mafuta, majivu wala pilipili.

Mwisho, yafaa ikumbukwe kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumpiga mnyama kwa ukatili. Ukiona umeshindwa kabisa kumlea mbwa, mtafutie nyumba nyingine au uombe ushauri kwa chama cha kuwatunza wanyama, KSPCA, badala ya kumwacha kando ya barabara. Na wewe unayeuza mbwa wachanga, mwambie mnunuzi ukweli kabla hujapokea pesa zake: kwa miezi kadhaa huyu atakojoa akifurahi, atahitaji kutolewa nje mara nyingi kwa siku, na hatakiwi kupigwa. Asiyekuwa tayari kwa hayo ni heri asimnunue.