Hatukuvamia kiwanda: babu zetu waliwekwa pale

« Nani aliwatuma kujenga karibu na kiwanda ? » Hilo njo jibu bakubwa wanatupatia kila tukiongea juu ya vumbi la Lubumbashi. Tunalikataa.

Kiwanda cha shaba kilianza kuyeyusha mwaka wa 1911. Union Minière yenyewe njo ilijenga kambi ya wafanyakazi pembeni yake, ili mikono isikae mbali na moto. Leo wajukuu wanaitwa wavamizi!

Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unasukuma vumbi mpaka Penga Penga. Kule kuko udongo mutupu, miti ilikufa. Na watu je? Mwaka wa 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi na wa Leuven walionyesha kwamba huku Katanga, wanaoishi chini ya kilomita 3 toka migodi na viwanda wana kobalti nyingi ajabu katika mkojo. Watoto njo wamezidi.

Hatuombi kiwanda kifungwe. Siye wenyewe tuko na diploma na tunatafuta kazi. Lakini kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, hata yule wa kambini.

Kwa hiyo tunaomba gavana na meya:
– udongo upimwe avenue kwa avenue, matokeo yabandikwe kwenye komine, kwa Kiswahili ;
– viwanja vya shule vifunikwe udongo safi ;
– hakuna ruhusa ya kiwanda kipya katikati ya nyumba.

Wazazi, ndugu, mulizeni bourgmestre wenu : udongo wetu ulipimwa lini ?