Ughali wa Kidogo Kidogo



Mwezi huu twapenda kuzungumza na wenye majumba juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ndilo linalokula pato la watu wengi wa pwani yetu ya kusini: namna tununuavyo chakula. Mfano wetu tutautoa Sudi, katika Mkoa wa Lindi, kwa kuwa hali yake ni hali ya miji mingi tangu Kilwa hata Mikindani. Bahari ipo, na minazi na mikorosho ipo. Lakini sukari, ngano, mafuta na sabuni vyatoka mbali.

Ziko nchi ambazo mwenye pato dogo huenda katika duka kubwa la bei nafuu. Mashuhuri katika maduka hayo ni Aldi ya Ujerumani, iliyokuzwa na ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, kutoka katika duka dogo la mama yao mjini Essen. Mtu aweza kudhani unafuu wake una siri kubwa. Siri hapana. Aina za bidhaa zilifanywa kuwa chache. Zilinunuliwa kwa wingi. Ziliachwa katika makasha yake bila mapambo. Na mnunuzi alitoa fedha taslimu, mkopo haukuwapo. Kila moja katika kanuni hizo nne huondoa gharama ambayo, isipoondolewa, hulipwa na mnunuzi.

Duka la namna hiyo Sudi halipo, wala haitufai kukaa tukilingoja. Hata Dar es Salaam maduka makubwa ya kigeni yalikuja yakaondoka: Shoprite mwaka 2014, na Uchumi mwaka 2015. Lakini kanuni zile nne hazihitaji jengo. Nyumba tano za mtaa mmoja zaweza kuzifuata.

Kwanza tuitazame hesabu. Tuseme kwa mfano tu kwamba kilo ya sukari ni shilingi 2,800, na robo kilo ni shilingi 800. Nyumba inunuayo robo kila siku itatoa shilingi 24,000 kwa siku 30. Sukari hiyo hiyo, ambayo ni kilo saba na nusu, kwa bei ya kilo ni shilingi 21,000. Basi shilingi 3,000 zimekwenda katika sukari peke yake, na bado hatujahesabu mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo, wala majani ya chai, wala mchele. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba haba na haba hukimaliza. Wala mwenye duka asilaumiwe bure. Yeye amelipa gharama ya kuuleta mzigo, hupoteza kidogo kila apimapo, na sehemu ya mali yake imo mikononi mwa wadeni.

Lakini hasara iliyo kubwa haimo katika robo ya sukari. Imo katika deni la njaa. Wakati wa kifuku, tangu Januari hata Machi, akiba ya shamba imekwisha na mazao mapya hayajakomaa. Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Katika miezi hiyo ya dhiki ndipo baba mwenye watoto humwendea mlanguzi, akapokea fedha za unga, akaahidi korosho ambazo hata ua lake halijachanua. Hiyo ndiyo kangomba, ambayo Serikali imeikataza, na watu wa kusini waijua vyema.

Korosho iuzwayo kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza kutumika kwa zao hilo mwaka 2007, hupimwa kwa mizani na bei yake hutangazwa mbele ya watu. Korosho ya kangomba bei yake huamuliwa na njaa ya muuzaji. Basi aliyenunua unga kwa njia hiyo amenunua unga ghali kuliko wa duka lolote, ijapokuwa siku ile hakutoa hata senti. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Yafaa tukumbuke pia kwamba sharia yetu imeruhusu kutanguliza fedha kwa ajili ya mazao yatakayokuja, nao ndio muamala wa salam. Lakini imeshurutisha kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Bakuli ambalo mwenyewe mnunuzi ndiye alipimaye halikutimiza sharti hilo.

Dawa yake ni nini? Twaona mambo manne.

La kwanza, akiba ya kifuku iwekwe siku ya mapato, si siku ya njaa. Fedha za ufuta zipatikanapo katikati ya mwaka, na za korosho mwishoni mwake, sehemu ya chakula itengwe kabla ya khanga, redio na karamu. Mahindi, mpunga na mbaazi hununuliwa wakati wa mavuno, ambapo bei ni ya chini; kisha huanikwa hata zikauka barabara, na kutiwa katika vyombo visivyopitisha hewa, kwani unyevu wa pwani ni rafiki wa fukusi.

La pili, mama zetu waujua upatu. Yafaa uwepo pia upatu wa chakula: nyumba tano zichange, mtu mmoja aende Lindi au Mtwara, anunue gunia la sukari la kilo 50 na ndoo ya mafuta ya lita 20, wagawane kwa mizani. Nauli ihesabiwe pia, kwa maana mzigo mdogo waweza kuliwa wote na nauli.

La tatu, wachangaji waaminiane na waandikiane. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili maduka ya vijiji yashike mahali pake, na mengi hayakudumu. Shirika la kulazimishwa halina mwenyewe. Watano wanaojuana, wenye daftari moja lisomwalo mbele ya wote, ni bora kuliko mia wasiojuana.

La nne, vya Ramadhani vinunuliwe kabla ya Shaabani kwisha, wakati bei haijapanda.

Asiseme mtu kwamba kuweka akiba ni upungufu wa kutawakali. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Kilichokatazwa ni kuficha chakula ili bei ipande juu ya watu. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, magari yalikwama. Siku kama hizo nyumba yenye debe la unga haina haja ya kulipa bei ya hofu.

Basi, ndugu yetu, kabla msimu haujafika, kaa na ahali yako mhesabu pamoja chakula cha miezi mitatu ya kifuku. Korosho zako zitakapoanguka, na ziangukie mikononi mwako.

Wabillahi taufiq.